Njia Uliyonichagulia

Jumatatu, 1 Machi

Wifi,

Salamu naziruka kwa sababu najua huzitaki. Simu yangu umeifunga tangu siku ile ulipoondoka hapa bila kuaga, na nikipiga kwa simu ya jirani, ukishasikia sauti yangu tu unakata. Kwa hiyo nimekaa mbele ya cherehani nakuandikia kwa mkono, mimi ambaye mara ya mwisho kuandika barua nilikuwa na sare ya shule. Ukiichana bila kuisoma, shauri yako. Lakini barua hii si yangu, ni ya Mama.

Mama hayuko vizuri. Si ule ugonjwa wa kila mtu, usije ukapata kisingizio. Ni moyo. Daktari amesema moyo umechoka, ameze dawa, asipande ngazi, asihangaike. Nilipomuuliza amebakiwa na muda gani, akaangalia dirishani. Tangu tutoke kwake Mama ana ombi moja tu, na analirudia akiamka na akilala. Anataka kumwona Kibibi. Picha hazitaki. Nilimpa ile aliyopigwa shuleni, akaigeuza kifudifudi mezani, akasema picha haisogezi mdomo.

Unajua alivyo. Miaka yote ile ya kiwanda cha nguo, kelele za mashine za kufuma zilimmaliza masikio, na kama wenzake wote wa kiwandani akazoea kusoma midomo. Sasa dunia nzima imefunika mdomo. Dukani haambulii kitu, hospitali haambulii kitu, watu wanamsemesha wakiwa nyuma ya kitambaa naye anatikisa kichwa tu ili wasimwone mjinga. Aliyebaki wa kumsoma ni mimi, hapa nyumbani, nikiwa nimevua barakoa, na nahisi amenichoka. Anataka mdomo wa mjukuu wake, wenye lile pengo la meno ya mbele alilokuwa nalo mdogo wangu Baridi akiwa mtoto. Anasema akiliona hilo pengo atakuwa amemwona mwanawe tena.

Mlete. Kwa ndege, kwa gari, kwa treni, chagua mwenyewe. Nakuomba. Neno hilo sikulizoea, usinilazimishe kulirudia.

Wifi yako,
Sindano

*

Jumamosi, 6 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa wima, mara ya pili nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga. Sikuichana. Ningeichana ningekosa raha ya kuliona "nakuomba" kwa mwandiko wako.

Pole kwa Mama. Hilo nalisema bila utani. Mwambie nampenda, na ukimwambia, tamka vizuri.

Ila kumsafirisha mtoto ni jambo la kufikiria. Siku hizi mtu hachukui tu mkoba akaondoka, na aliyenifunza hivyo ni wewe. Baridi alikuja huko kwa kazi yake, kutengeneza majokofu ya hospitali. Safari zikazuiwa, akakwama kwenu, akaugua, na asubuhi moja ukanipigia simu kuniambia mume wangu amefariki. Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Akili ilikuwa haifanyi kazi, ukafikiria wewe badala yangu. Maneno yako ninayo mpaka leo: "Ndege zimesimamishwa. Treni usithubutu, humo watu wanakoholeana usoni. Njoo kwa gari, taratibu, una mtoto. Tutakusubiri."

Nikaja kwa gari. Gari la mikate, maana ndilo tulilo nalo, Kibibi kiti cha mbele amekumbatia koti la baba yake. Kila kizuizi tulishushwa, tukapimwa joto, tukaulizwa tunakwenda wapi, nami nikajibu nakwenda kumzika mume wangu. Mwisho hata Kibibi akawa anawajibu yeye, kabla yangu, kwa sauti ya kukariri. Tulilala kituo cha mafuta. Tulipofika kesho yake jioni, mlikuwa mmeshazika na kunawa mikono. Udongo mlishaumwagia maji, na ulishakauka. Na wewe ulikuwa umekaa kiti cha mbele, kiti cha mke, unapokea pole za watu.

Kwa hiyo safari hii naipima kama ulivyonifunza. Ndege ni ya haraka, lakini abiria mnabanana bega kwa bega, na kwanza Kibibi achokolewe pua kwa kijiti ndio apewe cheti, na cheti kikichelewa unaanza upya. Gari nalijua, na barabara ile naikumbuka kizuizi kwa kizuizi. Treni madirisha yake yanafunguka, hilo jema, lakini jirani yako akianza kukohoa utamhamishia wapi? Kila nikigeuka naona hatari. Roho ya mtoto ni moja, wifi. Niache nifikirie taratibu.

Ni mimi,
Mama Kibibi

*

Alhamisi, 11 Machi

Mama Kibibi,

Unanizungusha, na unajua kwamba najua.

Nimekuulizia kila kitu, nimefunga duka la kushona siku nzima kwa ajili hiyo. Ndege siku hizi hazijazwi, na mtu wa ofisi ya tiketi ameniapia kwamba hewa ya ndani inachujwa kuliko ya chumbani kwako. Cheti cha kipimo kinatoka siku hiyohiyo. Barabarani vizuizi vimeondolewa vyote. Kwenye treni wanaacha kiti kimoja wazi kati ya abiria na abiria. Sasa niambie kipi kinakushinda.

Mazishi yale hospitali ndiyo iliyoamua. Walikuja watu wamevaa meupe mpaka kichwani, hawakumsubiri mtu. Ulitaka niwakamate mashati? Nilikuambia tulipokuwa tumesimama uani, na leo nakuambia tena, ni ya mwisho. Kuhusu kiti, nilikaa palipokuwa na kiti. Mtu amefiwa na mdogo wake aliyemlea mgongoni, wewe unahesabu viti.

Mama amehamishia kiti chake kando ya geti. Gari lolote likipunguza mwendo anasimama. Chakula anaonja tu. Jana ameniuliza kama wewe umeolewa tena, na kama mume mpya ndiye aliyemkataza Kibibi kuja, nikamwambia hapana. Unaona nilivyokutetea.

Ukitaka kunikomoa, nikomoe mimi, ngozi yangu ngumu. Mama kosa lake nini?

Sindano

*

Jumanne, 16 Machi

Wifi yangu wa pekee,

Ulipomtaja Mama umenishika pabaya. Nimelala nikiwaza, nimeamka nimeamua. Tunakuja.

Ndege nimeiacha kwa ajili ya pua ya Kibibi. Gari nimeliacha kwa ajili yangu, sitaki kuipita ile barabara nikiwa na akili timamu. Basi ni treni. Jumamosi ya tarehe 27, ile inayoingia saa nne asubuhi. Tutakaa behewa la tatu upande wa jukwaa, na Kibibi ameapa kwamba treni ikianza kupunguza mwendo atatoa kichwa dirishani, atavua barakoa, na atamwita bibi yake, ili neno lake la kwanza Mama alisome kabla hata hatujashuka.

Kwa hiyo Mama usimwache nyumbani, nakusihi. Mlete jukwaani. Mtafutie kiti, mvike kitu kizuri, mshonee ukipata nafasi, mikono yako ni ya dhahabu, hilo hata adui yako hakunyimi. Na treni ikichelewa msikate tamaa mkaondoka. Treni zina mambo yake.

Tusubirini.

Mama Kibibi

*

Jumamosi, 27 Machi, jioni

Wewe,

Sijui nikuiteje, kila jina ninalolijua ni la binadamu.

Gauni nilimshonea, la kola nyeupe. Kiti nilikibeba kichwani kutoka jikoni mpaka stesheni, watu wakanicheka, nikawaambia nampeleka mama yangu kumpokea mjukuu. Mlinzi akatuonea huruma akatupitisha. Mama alikaa palepale linaposimama behewa la tatu, nilimuuliza msafishaji wa stesheni. Amejipaka mafuta, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

Treni ikaingia. Hakuna kichwa dirishani. Nikasema pengine mtoto amelala. Milango ikafunguka, watu wakaanza kushuka, wote wamefunika midomo, na Mama akasimama akawa anamtazama kila mtoto machoni. Akashuka binti mmoja wa kimo cha Kibibi, kasuka kama Kibibi. Mama akamfuata, akamshika kidevu, akaivuta barakoa ya mtoto wa watu ili aone meno. Mama wa yule mtoto akapiga kelele, akamsukuma Mama mkono, akaita walinzi, akasema bibi kizee anataka kuwaambukiza. Na Mama hakusikia neno hata moja. Aliona tu kitambaa cha yule mwanamke kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, akawa anamwomba amwambie amekosa nini.

Tukaisubiri na ya mchana. Tukaisubiri na ya alasiri. Nilipomrudisha nyumbani nilimwambia mmepata homa mkaghairi. Ndiyo, nilikudanganyia, ili asikuchukie. Akanitazama mdomo wangu muda mrefu, kisha akaenda kulala na gauni lake.

Kama kweli mna homa, niambie nitubu. Kama mko wazima, basi ninakuapia nitakuonyesha cha mtema kuni.

Sindano

*

Alhamisi, 1 Aprili

Wifi,

Tuko wazima wa afya. Jumamosi ile nilioka mikate kama kawaida, na saa nne asubuhi ilipogonga nilivua aproni, nikakaa, nikakufikiria umesimama jukwaani na kiti chako cha jikoni. Kibibi alikuwa nje anacheza. Hakujua lolote, kiapo cha dirishani nilikitunga mimi. Roho yangu ilipoa. Tangu Baridi afe sijawahi kujisikia vile, na sitaki kukuficha.

Sasa umejua kusubiri kunavyokuwa. Mtu anakuahidi, unavaa, unajiandaa, unafika, na unachokutana nacho ni migongo ya watu wanaoondoka.

Unafikiri nimekasirika kwa sababu ya kiti. Nina mteja wangu, anapakia mizigo uwanja wa ndege wa huku, kila asubuhi anapitia mkate wake. Mwezi wa pili, kabla ya barua yako ya kwanza, tulikuwa tunapiga soga kuhusu mwaka jana, nikamwambia nilivyoendesha gari siku mbili kwa sababu ndege zilikuwa zimesimamishwa. Akaniuliza ni tarehe ngapi hiyo. Nikamwambia. Akaweka mkate mezani. Akasema, "Mama Kibibi, siku hiyo ndege iliruka mchana. Niliipakia mimi. Ilikuwa nusu tupu."

Nusu tupu, Sindano. Ningepanda nikiwa na unga huohuo mikononi. Ningefika kabla jua halijazama. Ningemwona, hata kwa mbali, hata akiwa amefungwa kwenye lile jeneza lao. Kibibi angemwona. Wewe ulikaa ukaniwekea mezani njia tatu, ukanichagulia ndefu kuliko zote, na ukaniambia taratibu.

Kwa Mama ninaumia. Habari ya yule binti wa stesheni imenikosesha usingizi, na hilo nitalibeba mwenyewe. Ila wewe sikuhurumii hata chembe, na nitaendelea. Nitapanga safari ya ndege nisipande. Nitapanga ya gari nisiwashe. Nitakuchosha mpaka ufungue mdomo useme kwamba ulijua.

Ukisema, nitamleta mtoto kesho yake.

Mama Kibibi

*

Jumatatu, 5 Aprili

Mama Kibibi,

Sisemi nisichokifanya. Niliambiwa ndege zimesimama, mwaka jana kila mtu alikuwa anasema lake, redio inasema hivi, mtaa unasema vile. Huyo mpakia mizigo wako ana uhakika gani? Tarehe za mwaka jana zote zinafanana. Wewe umemwamini mtu wa mizigo kuliko damu ya mume wako.

Na hata ingekuwa iliruka, ungefika ufanye nini? Ulikuwa naye miaka yote. Ulimchukua akiwa hajajua hata kunyoa vizuri, ukampeleka mji wa mbali, akawa anakuja hapa kama fundi aliyeitwa, anatazama saa, anasema Mama Kibibi ananisubiri. Mimi niliyembeba mgongoni nikishona, sindano mkononi, yeye ananivuta nywele, nikawa napata kadi ya simu na salamu. Alipougua alilala kwenye kitanda changu. Mimi ndiye niliyemsikia anavyovuta pumzi. Wewe ulikuwa wapi?

Usinitishe kwa safari zako. Usipomleta mtoto nitakuja mwenyewe nikuambie mbele ya wateja wako wote wewe ni nani

Naendelea asubuhi. Jumanne.

Mama hayupo. Nimeamka, kitanda kimetandikwa, gauni la kola nyeupe halipo, dawa zake hazipo, na kile kipande cha kadibodi nilichokatia vielelezo vya barakoa hakipo. Nimeuliza mtaa mzima. Dereva wa teksi anasema amemshusha stesheni alfajiri, akadhani mimi nipo nyuma. Hasikii tangazo, hasikii honi, midomo yote imefungwa, na moyo ule. Nimepiga kwako kwa simu tano za watu, hupokei.

Barua hii nampa mlinzi wa treni aiwahishe. Wifi, yaliyoko juu yasome au usiyasome, basi. Kama yuko kwako nijulishe. Nakuomba. Umeona, nimelirudia.

Sindano

*

Ijumaa, 9 Aprili

Mwanangu Sindano,

Niko kwa mkamwana wangu, nimekaa kwenye meza yake ya kukandia, nimesogeza unga pembeni nipate pa kuandikia. Barua yako imefika leo. Nimeona jina lako tu kwenye bahasha, sikuisoma, sina haja nayo. Usihangaike na moyo wangu. Umedunda njia nzima, na bado unadunda.

Nilichagua treni. Nilizifikiria zote, kama mlivyokuwa mnafikiria nyinyi. Ndege wanatangaza kwa spika, ningeachwa nimekaa. Gari dereva anatazama mbele, ukimwona kisogo hujui anasema nini. Kwenye treni watu wanakaa kwa kutazamana. Tena treni inaishia huku, haina haja ya kuuliza. Kwenye kadibodi yako niliandika: Mimi kiziwi, nashuka mwisho. Nikaivaa shingoni kwa uzi. Na ilipofika saa ya kula, behewa zima likavua barakoa. Sijui kama unaelewa. Midomo yote ikawa wazi kwa mkupuo mmoja, wanasengenya mabosi, wanabishana bei ya viatu, mmoja anamdanganya mumewe kwenye simu kwamba ameshafika. Nililia kwa raha. Wakadhani ni pilipili.

Uamuzi nilikuwa nimeufanya siku ile jukwaani. Nilipokuona unaniambia wana homa, nikajua hawana. Mdomo wako ukisema uongo unabana kona ya kushoto, tangu una umri wa Kibibi. Mimi masikio ndiyo yaliyokufa. Nyinyi wawili mkaniweka kwenye kiti mkawa mnanivutana kama kitambaa.

Mkamwana alipofungua mlango akaniona, alishika ukingo wa mlango. Sikumwachia muda wa kulia. Nilimwambia kwamba alinitumia kukuchoma wewe, na kwamba yule mtoto wa watu niliyemshika kidevu namwona mpaka leo. Amepiga magoti. Nimemwacha akae hapo kidogo kabla sijamwinua.

Kisha akaja Kibibi. Nikamwambia avue barakoa acheke. Pengo halipo, Sindano. Meno yameota yote mawili, makubwa, ya mama yake. Mlikuwa mnaandikiana, nayo yanaota. Nilichokuwa nakitaka hakipo tena, na hakuna ndege wala treni itakayonifikisha kabla ya meno hayo.

Sasa la kwako. Siku aliyokufa Baridi ulikuwa umekaa ukingoni mwa kitanda changu, simu sikioni, uso dirishani penye mwanga. Ukapunguza sauti ili Mama asisikie. Mwanangu, unapunguza sauti mbele ya kiziwi. Mtu akinong'ona anafungua mdomo zaidi, kiwandani ndivyo tulivyokuwa tukipeana siri, na wewe sijawahi kukusoma vizuri kama siku ile. Kwanza ulipiga uwanja wa ndege, nikaona unarudia, "Saa nane mchana. Nafasi zipo." Nikashukuru, nikajua mkamwana wangu atafika. Halafu ukapiga hospitali, ukasema, "Msingoje kesho. Mzikeni leo, mke wake hana usafiri." Halafu ukampigia yeye, ukamwambia ndege zimesimamishwa.

Yote haya nimemweleza hapa mezani, neno kwa neno. Alitaka ayasikie kwako, nami nimechoka kusubiri. Usimtafute mpakia mizigo wala redio. Shahidi ni mimi.

Kwa nini nilinyamaza? Asubuhi ile nilikuwa nimebakiwa na mtoto mmoja, nikaogopa nikisema nitabaki bila. Nilijua ulitaka awe wako tena japo kwa siku moja, kama ulipokuwa unambeba. Nikakuonea huruma wewe, nikaacha kumwonea huruma mjane wa mwanangu na mtoto aliyekuwa anawaambia askari wa barabarani kwamba anakwenda kuzika. Huruma hiyo naiondoa leo. Sirudi kwako. Kitanda changu kikunje.

Utakuja huku wewe. Ndege usipande. Treni usipande, huhitaji mimi nikuambie kwa nini. Kodi gari, pita barabara ileile. Simama kila mahali palipokuwa na kizuizi, shuka, na useme kwa sauti unakokwenda na ulichokifanya. Kituo cha mafuta walicholala nimeelekezwa, kina ukuta wa bluu, na wewe lala hapo. Ukifika, usiingie. Simama ng'ambo ya barabara, penye mwanga, uvue barakoa, umwambie mkamwana wangu uliyomfanyia. Yeye atakuwa mlangoni na mtoto. Mimi nitakuwa dirishani nasoma. Usinong'one.

Daktari aliangalia dirishani ulipomuuliza muda wangu, nilimwona. Kwa hiyo sijui utanikuta au utakuta wameshanawa mikono. Na hilo nimelifikiria, nikaona ni haki ulijue kabla hujawasha gari.

Njoo taratibu, mwanangu. Tutakusubiri.

Mama